Fury na Wilder 2020: daftari langu la miguu

Jumamosi usiku

Nimeanza upya. Wiki nzima nilikuwa nahesabu ngumi za mabondia wa uzito wa juu, Tyson Fury na Deontay Wilder, nikajaza kurasa nisione jambo jipya. Sasa ngumi nimeziacha, natazama miguu. Kila nusu dakika nasimamisha video, nachora mraba wa ulingo, naweka alama mbili: nani kashika katikati, nani mgongo wake unaelekea kamba. Sauti nimezima, maana mtangazaji akipandisha mori, macho yangu yanafuata kelele zake.

Nimemaliza pambano la kwanza, Los Angeles, Desemba 1, 2018. Matokeo yalikuwa sare, ingawa kwangu Fury alishinda. Alicheza kwa kuzunguka: anapita pembeni, anarudi nyuma, anakunja kiuno ngumi inapita hewani. Kazi nzuri mno. Lakini michoro inaonyesha gharama yake. Kila aliporudi nyuma alimwachia Wilder kile anachokihitaji kuliko vyote: umbali, na muda wa kukita mguu wa nyuma ili aachie mkono wa kulia. Aliangushwa raundi ya 9, akaangushwa tena ya 12. Ile ya 12 nimeirudia usiku huu, na bado mwili unanisisimka nikimwona anaamka.

Jumatatu

Marudiano, Las Vegas, Februari 22, 2020. Kabla ya kuchora nimeandika uzito. Fury alipanda kutoka takriban kilo 116 hadi 124, Wilder kutoka 96 hadi 105. Fury alikuwa pia amebadilisha kocha, akamchukua SugarHill Steward wa shule ya Kronk ya Detroit, wanakofundisha bondia kupiga ngumi iliyobeba mwili mzima. Alitangaza wazi kwamba anakwenda kutafuta KO, yaani kumwangusha mwenzake asiweze kuendelea. Wengi tulidhani ni maneno ya kuuza pambano.

Kengele inalia, Fury anatoka mbio kushika katikati. Mchoro wangu wa kwanza kabisa una Wilder mgongo kwenye kamba, na inayofuata inafanana nao.

Jumatano

Hapa ndipo nimekaa muda mrefu zaidi. Awali niliandika kwamba pambano liligeuka raundi ya 3, Fury alipomwangusha kwa kulia iliyotua karibu na sikio. Nimefuta. Lilikuwa limeshageuka tangu raundi ya kwanza. Jabu ya Fury, ile ngumi ya mkono wa mbele, safari hii haikuwa ya kuchokoza tu; ilimsukuma mtu. Wilder akirudi hatua moja, mguu wa nyuma haujakaa, na ngumi yake ya kulia bila mguu huo ni mkono mtupu. Akijaribu kuvamia, Fury anamkumbatia na kumlalia shingoni kwa kilo zote 124. Zile kilo alizoongeza zilikuwa na kazi yake, na sikuiona mpaka nilipoanza kuchora. Raundi ya 5 Wilder akaenda chini tena, safari hii kwa kushoto ya mwilini, huku sikio linavuja damu.

Baadaye Wilder alisema vazi lake la kuingilia ulingoni, la zaidi ya kilo 18, ndilo lililomaliza miguu yake. Sikatai kwamba lilikuwa zito. Lakini vazi halielezi kwa nini Fury alikwenda mbele tangu sekunde ya kwanza, wala kwa nini kila kumbatio lilimwacha Wilder chini ya kifua cha mwenzake.

Raundi ya 7, Mark Breland, kocha kwenye kona ya Wilder, akarusha taulo, ishara ya kuomba pambano lisimamishwe, na Fury akashinda. Alilaumiwa sana. Mimi nimetazama miguu ya Wilder dakika ile mara nne, na naona Breland alimtendea haki.

Ijumaa

Nimefungua ukurasa wa pambano la tatu, Oktoba 9, 2021. Raundi ya kwanza Wilder anaanza kwa jabu za tumboni, tena anakwenda mbele yeye. Nataka kujua anashika katikati hadi raundi ya ngapi.