Andika Hilo la Kwanza

Mtoto wa baba mdogo anaoa Desemba, na juzi alinipigia simu kutoka Makambako akitaka kujua kama kwenye kadi ya mwaliko baba yake aandikwe marehemu. Nilimwomba muda wa kufikiri, na fikira zote zikaishia katika chumba cha mahakama, Tukuyu, mwaka 2006.

Baba mdogo alipanda treni ya TAZARA kituo cha Mbeya mwaka 1998 na magunia yake ya mchele wa Kyela, akaelekea Zambia kama alivyozoea. Msafiri mmoja alituletea salamu zake kutoka Kasama, pamoja na kitenge cha Bibi, na baada ya hapo hatukusikia lolote. Wazee walivuka Tunduma hadi Nakonde, wakauliza sokoni, polisi na hospitali, wakarudi mikono mitupu.

Aliyefungua shauri ni mama mdogo, ambaye alikuwa bado kijana na alikwisha kupata mchumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama kumchukulia mwenzi wa ndoa kuwa amefariki, ikithibitishwa kwamba kwa miaka mitano hajasikika kwa watu ambao, kama angekuwa hai, wangetazamiwa kupata habari zake. Ukoo ulinung'unika kwamba anakwenda kumzika mumewe kwa karatasi. Hatukuwa tumetafakari kwamba miongoni mwa watu hao wa kutazamiwa, wa kwanza ni mama mzazi.

Hivyo Bibi akaitwa kutoa ushahidi. Hakimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, alimuuliza kwa upole kama anaamini kwamba mwanawe amefariki. Bibi alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba karani aliinua kalamu, akaishusha, kisha akaiinua tena.

"Baba, nikisema sina habari zake, nimesema kweli. Nikisema amekufa, nimesema uongo, na nimekwisha kuapa. Andika hilo la kwanza."

"Hilo la kwanza linatosha, Bibi."

Hakuridhika. Alitaka kitenge nacho kiandikwe, ili ijulikane kwamba mwanawe hakuwa mtu wa kusahau kwao, na kwamba hata alipokuwa mbali alikuwa akituma salamu kila alipopata mtu wa kumtuma. Hakimu aliandika yote, na nadhani hakuna ushahidi uliomsaidia mama mdogo kuliko huo, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hakai kimya miaka yote hiyo kwa hiari yake. Kama Bibi alilitambua hilo wakati akimtetea mwanawe, hakutuambia kamwe. Aliuliza tu itakuwaje akirudi, naye hakimu akamweleza kwamba hiyo ni dhana tu, na kwamba ushahidi wa kinyume unaweza kuitengua.

Mama mdogo alipata alichoomba. Matanga hayakuwekwa, maana Bibi alikataa katakata, na shamba la chai liliendelea kuitwa la baba mdogo. Mwaka uliofuata mama mdogo aliolewa Rungwe hukohuko, na Bibi alihudhuria akiwa amevaa kitenge kile cha Kasama. Alipopewa nafasi ya kumtambulisha bibi harusi kwa wakwe wapya, alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje ya turubai kwamba huyu ni mke wa mwanangu, mtunzeni vizuri. Wenyeji walicheka. Sisi tuliomfahamu hatukujua kama tucheke.