Safari ya Trieste na Masurufu Yake

Kurugenzi ya utafiti ya chuo changu ilikubali kunilipia nauli na posho ya kujikimu ili nikafanye sehemu ya utafiti wangu wa shahada ya uzamivu katika kituo cha kimataifa cha fizikia kilichopo Trieste, Italia. Barua ya kuidhinisha ilikuwa fupi na ya kufurahisha, lakini masharti yake yalizunguka kama jahazi lisilo na usukani. Idara ya fedha haikuweza kutoa masurufu mpaka nioneshe viza, na viza haikuweza kuombwa bila uthibitisho wa nafasi ya ndege, bima ya safari na ushahidi kwamba nina fedha za kuishi nazo ugenini, yaani fedha zile zile zilizokuwa zikiisubiri viza.

Kanuni za viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwamo, zinafahamika na hazina siri. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, bima iweze kulipia matibabu ya angalau euro 30,000, na mwenye viza ya muda mfupi asikae zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Nilipoziweka kanuni hizo kando ya kalenda ya mwaka wa fedha wa chuo, niligundua kwamba urefu wa utafiti wangu ulikuwa umeshapangwa na watu wasiojua unahusu nini. Msimamizi wangu alitaka nikae nusu mwaka. Ukaaji huo ungehitaji viza ya kitaifa na kibali cha ukaazi, ambacho nchini Italia huombwa ndani ya siku 8 za kazi baada ya kuwasili, na kasma yetu, yaani fedha tulizotengewa kwenye bajeti, haikuwa na fungu la gharama hizo. Tukakata kazi ikatoshea ndani ya siku 90.

Kilichofungua njia ni barua mbili. Ya kwanza iliandikwa na ofisa wa kurugenzi, mama mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliyetamka kwa maandishi kwamba fedha zimeidhinishwa, zimetengwa na zitatolewa mara viza itakapopatikana. Ya pili ilitoka kwa wenyeji wetu, ikaeleza kwamba malazi na nafasi ya ofisi ni juu yao. Barua za namna hii haziongezi hata senti moja katika bajeti, ila bila hizo bajeti hubaki kuwa namba tu kwenye karatasi.

Niseme pia kwamba nilikuwa na bahati ya kupewa masurufu, kwa maana ya fedha zinazotolewa kabla ya safari. Mwanafunzi mwenzangu katika idara jirani alipata ruzuku ya kiasi kinachokaribiana na changu, lakini yake ilikuwa ya kurejeshewa: asafiri kwanza kwa fedha zake, kisha alete stakabadhi. Akaiachia. Ruzuku ya kurejeshewa ni mkopo ambao mwanafunzi anakikopesha chuo bila riba, na wanaoweza kuutoa ni wale ambao pengine wangesafiri hata bila ruzuku. Kamati zinazoshangaa kwa nini majina ya wanufaika yanafanana mwaka hadi mwaka zingeanza kutafuta jibu katika kifungu hicho kabla ya kutafuta kwingine.

Ndege ilitua Venice. Nikachukua basi hadi Mestre, na hapo nikanunua tiketi ya karatasi ya treni ya mikoani. Tiketi ya aina hiyo lazima igongwe kwenye kimashine kilichofungwa ukutani kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakuhesabu kama mtu asiyelipa. Kimashine kilinguruma kidogo, kikachapa tarehe, saa na stesheni pembeni mwa karatasi kwa wino hafifu. Niliitia katika bahasha ngumu niliyopewa na mhasibu wetu, aliyeniaga kwa maneno haya tu: "Ndugu, karatasi isiyo na tarehe usiniletee."

Baada ya Monfalcone reli hupita ubavuni mwa nyanda za chokaa ziitwazo Carso, na upande wa kulia Bahari ya Adria huonekana ikiwa chini kabisa. Kasri la Miramare, ambalo Maximilian wa ukoo wa Habsburg alianza kulijenga mwaka 1856, limesimama juu ya rasi kabla ya kuufikia mji wenyewe. Kituo nilichokuwa nikielekea kipo karibu na bustani ya kasri hilo. Nilifika majira ya baridi, wakati upepo utokao bara ukishuka kuelekea baharini kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Fomu ya bajeti ya chuo ina mstari wa vifaa vya maabara, wa machapisho na wa mawasiliano, ila mstari wa makoti haupo.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia kutoka Pakistan aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1979, na tangu mwaka 1997 kinaitwa kwa jina lake. Historia yake inahusu moja kwa moja jambo ninaloliandika hapa. Salam alirudi Lahore mwaka 1951 baada ya masomo ya Cambridge, akafundisha huko, akakosa watu wa kujadiliana nao na majarida mapya ya kusoma, na mwaka 1954 akaondoka tena kwenda Uingereza. Alichokitaka baadaye ni mahali ambapo mtafiti wa nchi maskini angeweza kuja kwa muda, akafanya kazi kwa bidii na wenzake, kisha akarudi kwao bila kulazimika kuchagua kati ya sayansi na nchi yake. Kutokana na wazo hilo ukatokea mpango wa washiriki, ambao humruhusu mtafiti kurudi Trieste mara kadhaa katika kipindi cha miaka kadhaa akiwa bado ni mwajiriwa wa chuo cha kwao. Upo pia mpango wa wanafunzi wa uzamivu, unaoendeshwa pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambao mwanafunzi hubaki amesajiliwa nyumbani na kuja Trieste kwa vipindi. Sehemu kubwa ya gharama za kituo hubebwa na serikali ya Italia.

Mimi sikuwa katika mpango wowote kati ya hiyo. Nilikuwa mgeni aliyeletwa na chuo chake, na tofauti niliiona mapema. Mwenzangu wa ofisini, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Amerika ya Kusini, alikuwa amekuja kwa mara yake ya pili na alijua kwamba atarudi. Alifanya kazi bila haraka, akianza hesabu ambazo angezimaliza mwaka unaofuata. Mimi nilikuwa nikiichungulia kalenda.

Kazi yangu ilihusu modeli ya hali ya hewa ya kikanda, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ya eneo moja la dunia, iitwayo RegCM, iliyoanzia Colorado, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambayo kwa muda mrefu sasa imetunzwa Trieste na kutolewa bure kwa yeyote anayeihitaji. Kwa kuwa ni ya bure, mjumbe mmoja wa kamati yetu alikuwa ameuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nisiipakue na kukaa nyumbani. Jibu nililipata katika wiki za mwanzo. Nilimwekea msimamizi wangu mwenza wa pale Trieste ramani ya mvua niliyoikokotoa kabla ya kuja, yenye ukanda mwembamba wa mvua kubwa upande wa mashariki ambao nilikuwa nimeuandikia kurasa kadhaa za maelezo. Aliitazama kwa muda mfupi, akachukua penseli, akachora mstari kuizunguka ramani yote ndani kidogo ya ukingo wake, na kusema kwamba kilichopo nje ya mstari huo kitupwe. Pale modeli inapopokea takwimu za dunia nzima kwenye mipaka yake, hali mbili zisizolingana hugongana na mvua ya uongo hunyesha. Mtu aliyeishi na modeli hiyo miaka mingi huona ukanda ule na kujua mara moja ni nini, na maarifa hayo huyapata yule aliyeketi kando yake na ramani mezani.

Ndiyo maana nadhani vyuo vingi huweka fedha zao mahali pasipo na faida kubwa. Mkutano wa siku chache hulipiwa kwa urahisi, kwa kuwa una ratiba, una tarehe na una cheti cha kuhudhuria kinachoingia vizuri kwenye faili. Ukaaji wa miezi hauna cheti. Hati ya makubaliano kati ya vyuo viwili husainiwa mbele ya wapiga picha, na mara nyingi ukiisoma hukuti kifungu kinachosema nani atalipa nauli ya mwanafunzi wa kwanza.

Niliporudi, marejesho, yaani kuonesha kwa stakabadhi jinsi masurufu yalivyotumika, yalichukua muda kuliko nilivyotarajia. Pasi za kupandia ndege zilipokelewa, bima ikapokelewa, na tiketi ya treni ikageuzwa mara mbili chini ya taa hadi muhuri wa Mestre ulipoonekana. Ripoti ya kisayansi iliyotakiwa ilikuwa ya ukurasa mmoja. Jedwali la matumizi lilikuwa la kurasa sita. Silalamikii ukaguzi, kwa sababu fedha ni za umma. Nilichokuwa na haki ya kuuliza, na nikauliza, ni kwa nini fomu ile ya ukurasa mmoja haina mahali pa kuandika kazi iliyobaki na muda inaohitaji.

Makala tuliyoianza Trieste sasa ina waandishi kutoka pande zote mbili, na mizunguko ya mwisho ya ukokotoaji inahitaji kompyuta zao na uwepo wangu. Fomu ya maombi ya safari ina visanduku vitatu: mkutano, mafunzo na kazi za uwandani. Kwa ushauri wa yule mama wa kurugenzi nimeviacha vyote vitatu wazi, nikaandika pembeni "ziara ya pili ya utafiti", nikaambatisha barua mpya ya wenyeji na kuomba fedha zitolewe kabla ya safari. Kamati inakaa robo ijayo.