Freud na besimenti ya Nyayo House

Ukipanga laini ya paspoti pale Nyayo House, Nairobi, kila mtu ako bize na simu yake, hakuna anayetaja kwamba chini kwenye besimenti kuna vile vyumba walitesewa watu miaka ya 80 hadi mwanzo wa 90, wale walioshukiwa kuwa Mwakenya, lile kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, wengine wakifungiwa gizani sakafu imejazwa maji. Vilifunguliwa watu wavione 2003.

Sasa Freud, yule mwanzilishi wa saikolojia ya uchanganuzi nafsi, kwa insha yake ya 1915 alisema akili nayo huwa na ukandamizaji wake, wazo lisilovumilika linasukumwa nje ya fahamu na mwenyewe hajui, si kama ile unaamua leo sifikirii deni la renti. Halafu linarudi kwa njia ya panya, kwa ndoto, kwa kuteleza ulimi. (Wanasaikolojia wengi siku hizi wanaipinga sana, hasa hii stori ya kumbukumbu iliyofukiwa kurudi ikiwa nzima, na naona wana pointi.)

Ule ukandamizaji wa siasa, anayeufanya anajua poa anachofanya, ana faili na funguo. Shida ni hizo aina mbili zikikutana. Kuna mzee mtaani kwetu ukitaja rais kwa matatu anaangalia nyuma kwanza, muulize anaogopa nani, atakwambia haogopi mtu, na kusema kweli anaamini. Vijana wa maandamano ya 2024 hawakurithi hiyo hofu, walikuwa wanatukana laivu na sura zao zikionekana, ingawa watu walipoanza kutekwa niliona akaunti kadhaa zikinyamaza ghafla.