Kivuli cha upande wa machweo: nilivyoituliza eyasii ya nyumbani kwangu Utawala

Mimi ni mwokaji wa keki. Nafanyia kazi nyumbani, Utawala, mashariki mwa Nairobi, katika chumba kilichokuwa cha wageni. Watu wakisikia nina kiyoyozi, au eyasii kama wengi tunavyoiita, hunishangaa. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai tunalala na blanketi mbili. Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya mwili wangu. Krimu ya siagi inataka chumba cha nyuzi 21 au 22, na Februari, saa tisa mchana, chumba changu kilikuwa kinafika 30. Unapamba maua upande huu wa keki, ukigeuka upande wa pili unakuta mapambo yameanza kuteleza. Siku moja keki ya ghorofa tatu iliniharibikia ikiwa imebaki saa mbili gari lije kuichukua. Wiki iliyofuata nikaenda kununua eyasii ya BTU 12,000, BTU ikiwa ni kipimo cha nguvu ya kupoza.

Ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Tatizo lilikuwa stima. Nilianza kuandika namba za mita asubuhi na jioni kwenye daftari la oda, nikatoa matumizi ya kawaida ya nyumba, nikaona eyasii peke yake inakula karibu uniti 9 kwa siku za joto. Na stima ya nyumbani ina madaraja: ukishapita uniti 100 kwa mwezi, bei ya kila uniti inapanda. Kwa hiyo nilikuwa nalipia uniti nyingi, tena kwa bei ya juu. Fundi aliyeifunga alikuja, akasimama chumbani dakika tano, akasema mashine ni ndogo, ninunue ya BTU 18,000. Nilikaribia sana kumsikiliza.

Kilichonizuia ni ukuta.

Usiku mmoja, kama saa tatu, nilikuwa nafuta meza nikaegemea ukuta wa upande wa magharibi. Ulikuwa wa moto. Si wa uvuguvugu. Wa moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa mbili zilizopita, nje kuna upepo wa baridi, na ukuta bado unapumua joto ndani. Nikatoka nikaenda kushika ukuta wa mashariki, wa mawe yale yale ya Ndarugo ya inchi 9, nikaukuta baridi. Hapo nikaelewa kwamba mashine yangu haikuwa inashindana na hewa ya Nairobi. Ilikuwa inashindana na jiwe lililokula jua la alasiri nzima na sasa linalitema polepole hadi karibu usiku wa manane.

Na jua hilo tulilikaribisha wenyewe. Tulipohamia, upande huo wa ploti ulikuwa na mpera mkubwa na nyasi. Majani yake yalikuwa yanaanguka juu ya gari, mvua ikinyesha udongo ule mweusi unashika viatu hadi sebuleni, na majirani wote walikuwa wanaweka kabro, yale matofali ya kutandaza uani. Tukakata mpera, tukamwaga kokoto, tukatandaza kabro kutoka geti hadi ukutani. Palipendeza. Sikujua kwamba nilikuwa nimetandaza jiko chini ya dirisha langu la kazi.

Nilinunua kipimajoto kile cha kuelekeza kama bastola, kinachofanana na cha getini wakati wa korona, ila hiki ni cha mafundi, kinasoma hadi nyuzi mia kadhaa. Saa tisa na nusu, siku ya jua kali, kabro ilisoma 54. Ukuta juu yake, 47. Nikanyoosha mkono kupitia ua, nikaelekeza kwenye nyasi chini ya mwembe wa jirani: 27. Hatua kumi kati ya 54 na 27! Baadaye niliona kwamba EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, linasema sehemu iliyo kivulini inaweza kuwa chini kwa nyuzi 11 hadi 25 kuliko ile iliyo juani wakati wa joto kali. Kwa hiyo kipimo changu hakikuwa ndoto.

Niliposoma zaidi nikakutana na ushauri mwingi wa kigeni: panda miti upande wa kusini wa nyumba, uchague ile inayopukutisha majani wakati wa baridi. Nilikaribia kuufuata, nikaenda kwa mzee wa miche kando ya barabara ya Eastern Bypass kumwambia nataka miti ya upande wa kusini. Akaniuliza nyumba inatazama wapi. Nikamweleza.

"Mama," akasema, "jua la hapa halikai kusini. Linapita juu ya kichwa, halafu linaanguka pale." Akanyoosha mkono wote, si kidole, kuelekea magharibi. "Panda pale linapoangukia."

Alikuwa sahihi, na nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Marekani na Ulaya jua la kiangazi na la kipupwe vyote huegemea kusini, kwa hiyo ukuta wa kusini ndio wenye kazi. Sisi tuko karibu nyuzi 1 tu na robo kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu utosini, linapiga paa. Kuta za kusini na kaskazini zinapata mwanga wa kupangusa tu. Zinazopigwa usoni ni za mashariki asubuhi na magharibi alasiri, na ya magharibi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hewa nayo tayari imepata joto. Kuna jambo moja la kuongeza: miezi yetu ya joto, Januari na Februari, jua linazama likiwa limesogea kidogo kusini mwa magharibi, kisha mnamo Machi 20 hivi linazama magharibi kamili. Kwa hiyo kivuli changu kilihitaji kuvuka kona ya kusini-magharibi, kisiishie kwenye dirisha.

Nilitaka fikasi, kwa sababu inakua upesi na ina majani mazito. Mzee akanikatalia. Udongo wetu wa upande huu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikija. Ukiweka karibu na msingi mti wenye mizizi yenye kiu, unaukausha upande mmoja wa nyumba na kuta zinaanza kuchora mistari. Tukakubaliana hivi: mparachichi mmoja wa Hass uliopandikizwa, mita 5 kutoka ukutani, kwenye ile kona ya kusini-magharibi, na karibu na ukuta, mmea wa kutambaa usio na mizizi ya kutisha. Akanipa miche minne ya karakara ya zambarau iliyopandikizwa juu ya shina la karakara ya manjano, kwa sababu ile ya manjano inavumilia zaidi ugonjwa wa kunyauka unaoanzia mizizini.

Kazi yenyewe tuliifanya katikati ya Oktoba, mvua za vuli zikikaribia. Vijana wawili waling'oa kabro kwenye ukanda wa mita 2 kando ya ukuta wote wa magharibi. Matofali hatukuyatupa, tuliyatumia kupanua njia ya gari upande wa mbele. Chini ya kabro kulikuwa na mchanga, kokoto, kisha udongo mgumu kama sakafu. Tulichimba mashimo ya futi mbili na kuchanganya mboji na samadi. Nguzo nne za mkaratusi zilizotiwa dawa, waya mlalo kila futi moja na nusu hadi juu ya dirisha.

Nguzo hizo ziko sentimita 60 kutoka ukutani, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Usiache mmea ukumbatie ukuta wenyewe. Nafasi hiyo inapitisha hewa, joto linalobaki linapanda na kutoka, unyevu hauingii kwenye rangi, na wewe unaweza kupita na makasi. Na kivuli cha nje kinashinda pazia kwa mbali. Pazia linakutana na jua likiwa limeshapita kioo, joto limeshaingia chumbani. Majani yanalikamata kabla halijagusa chochote chako.

Majani pia yana kazi ya pili. Yanatoa maji, na maji yakigeuka mvuke yanachukua joto kutoka hewani: lita 1 ya maji inabeba joto la karibu uniti 0.68, uniti hizi hizi tunazonunua kwa tokeni. Joto hilo halitoki lote chumbani mwangu. Linatoka kwenye hewa ya uani, lakini hiyo ndiyo hewa ambayo mashine ya nje ya eyasii inaivuta ili kutupia joto la ndani. Hewa hiyo ikiwa imechomwa na kabro, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi kwa kazi ile ile.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye mashine hiyo ya nje. Nilisoma kwamba ikiwekwa kivulini inafanya kazi vizuri zaidi, nikaizungushia duranta, vile vichaka vya kupanda kama ua, futi moja kila upande. Zilipendeza, zikakua, nikafurahi. Mwaka uliofuata mwezi wa Februari mashine ikaanza kujizima yenyewe saa nane mchana, katikati ya kazi. Nilimwita fundi mwingine, kijana mtulivu. Hakufungua chochote mwanzoni. Alipenyeza mkono kati ya majani, mbele ya feni, akaniambia niweke wangu. Hewa ya moto ilikuwa inatoka, inagonga duranta, inarudi nyuma na kuvutwa tena. Mashine ilikuwa inapumua pumzi yake yenyewe. Alipotoa kifuniko, yale mapezi membamba ya nyuma yalikuwa yamevaa blanketi la vumbi na majani makavu.

Tuling'oa duranta zote. Sasa kuna angalau sentimita 60 wazi ubavuni na nyuma, mbele ya feni hakuna kitu kabisa, na kivuli kinatoka juu kabisa na mbali, kwa mparachichi. Kituo cha nishati ya jua cha Florida kilipima jambo hili mwaka 1996 kwenye nyumba za kule na kukuta kwamba kuifunika mashine peke yake kwa kivuli kunaokoa chini ya asilimia 3. Kwa hiyo usihangaike kuijengea nyumba. Acha ipumue, upoze eneo zima linaloizunguka.

Maji ni swali ambalo kila mtu wa Nairobi ataniuliza, kwa haki, maana mgao tunaujua. Mimea hii haijawahi kuonja maji ya mfereji kiangazi. Inakunywa maji ya mwisho ya kusuuza nguo na ya kuoshea mboga, na ya mvua kutoka kwenye mifereji ya paa yaliyo tangini. Maji ya vyombo vya keki siyapeleki huko, mafuta ya siagi yanaziba udongo. Juu ya mizizi naweka nyasi kavu unene wa kiganja, na ukanda uliobaki una nyasi za Pemba, zinazovumilia kivuli.

Februari ya kwanza karakara ilikuwa imefunika nusu tu ya waya, tofauti ilikuwa ndogo. Ya pili ndiyo niliyoandika kwa kalamu nyekundu. Saa tisa na nusu ukuta ulisoma 31. Mahali palipokuwa na kabro, 28. Eyasii, niliyoipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 22 kwa sababu sasa inafika na kubaki pale, ilikuwa inakula uniti kati ya 5 na 6 kwa siku. Sitaipa mimea sifa yote: mwaka huo huo nilianza kuosha chujio kila wiki mbili na kuziba upenyo chini ya mlango. Lakini ukuta sikuufanyia kitu kingine chochote, na ukuta ndio uliobadilika.

Paa bado. Mabati yanapigwa kuanzia saa tano hadi saa nane, na mparachichi bado mdogo kuyafikia. Saa hizo mashine inanguruma kama zamani. Faida yangu inaanza saa nane na kuendelea. Dari ndiyo kazi inayofuata, nakusanya pesa za kuiwekea pamba ya kuzuia joto.

Karakara moja ilinyauka mwezi uliopita, shina lote, kuanzia chini. Hazidumu kama miti, mzee aliniambia tangu mwanzo nihesabu miaka mitatu au zaidi kidogo. Nimeikata, nimeacha shimo wazi likae juani, na mche mpya nitaupanda hatua mbili pembeni, mvua za Oktoba zikianza. Kwa sasa kuna pengo la upana wa mlango kwenye kivuli, na saa kumi jua linapita hapo na kuchora mstari wa dhahabu juu ya meza yangu. Nimesogeza keki upande wa pili.