Plasil si dawa ya kila kichefuchefu

Alfajiri karibu na stendi ya Moshi, msafiri wa Dar anaingia duka la dawa: "Nipe Plasil mbili, huwa natapika kwenye basi." Anameza, na kabla ya Same ameshaomba mfuko. Dawa si feki. Ni kwamba haihusiki na ugonjwa wake.

Kichefuchefu cha safari huanzia sikio la ndani, penye mizani ya mwili. Plasil, yaani metoklopramidi, huzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na kuharakisha chakula kutoka tumboni, sikio haligusi. Dawa ya basi ni promethazini: mtu mzima miligramu 25 usiku wa kuamkia safari, au saa moja hivi kabla ya kuondoka. Inalaza kwelikweli, kwa hiyo dereva asimeze, wala isichanganywe na pombe. Mtoto chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Inaweza kumbana pumzi hadi kufa.

Plasil yenyewe, kwa mtu mzima, ni miligramu 10, isizidi mara 3 kwa siku wala siku 5. Ninachoomba sana, wazazi, msiwape watoto vipande vya kidonge hiki. Kwa watoto na vijana hata dozi ya kawaida inaweza kupindisha shingo upande mmoja, macho yakageukia juu, taya zikakaza, ulimi ukatoka nje. Nyumbani wanasema degedege, wengine mapepo, na saa zinapotea. Mpeleke hospitali na ile pakiti ya dawa mkononi. Wakijua alichomeza, sindano sahihi humtuliza upesi.

Mtoto anayeharisha na kutapika anahitaji ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Soma pakiti: nyingine ni ya lita moja, nyingine nusu lita, na ukikosea maji chumvi inazidi. Kosa kubwa ni kumpa kikombe kizima kwa sababu ana kiu, tumbo linajaa ghafla, anarudisha yote, halafu mama anasema "ORS imemkataa." Mpe kijiko cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena taratibu zaidi. Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6, miligramu 10. Akishindwa kubaki na chochote, akilegea au akitoa damu, hospitali mara moja.

Na ninyi wapagazi wa Kilimanjaro: kichefuchefu pamoja na kichwa kuuma huko juu Kibo ni ugonjwa wa mwinuko. Plasil inaweza kuzuia matapishi huku ugonjwa ukiendelea. Msipande zaidi, hali ikizidi, shukeni hata kama ni usiku.