Kibati Kilichong'olewa

Mwenye gari alinitoza mara mbili ya tulivyopatana, eti njia mbovu. Kweli ilikuwa mbovu, lakini alilijua hilo tangu tunapatana. Saa tatu nzima nilikaa nyuma juu ya magunia, na mgongo umeniuma hadi juzi. Yote kwa ajili ya picha moja niliyotumiwa: pua ya ndege ikichungulia chini ya turubai, silinda zimetokeza pembeni, na waya mwembamba umesimama mbele ya kioo. Waya ule ndio ulionisafirisha. Ncha yake ya chini ina kizibo kinachoelea ndani ya tangi; mafuta yakipungua waya unazama, na rubani anajua hali. Piper Cub hiyo, kindege kidogo cha Kimarekani cha viti viwili, nikasema moyoni.

Mama mwenye ghala alinifungulia mlango mwenyewe. Ndege ilikuwa ya buluu, mabawa yameegemezwa ukutani, vumbi la majani makavu kila mahali. Nikaingiza kichwa ndani kutafuta kibati cha kiwanda, kile chenye nambari. Nikakuta matundu ya skrubu na alama ya mstatili, safi, haina hata vumbi.

"Mwaka jana alikuja mtu kama wewe," mama akasema. "Akaniambia anakwenda kukipiga picha, atakirudisha. Mpaka leo, mwanangu."

Nilishindwa kumjibu. Wapo watu wanaounda ndege karibu yote upya, wakaipachika kibati cha zamani, wakaiuza kama ya asili. Ile iliyobaki ghalani inakuwa haina jina. Nikakaa juu ya debe nikaikumbuka cherehani ya marehemu mama yangu. Nambari yake iligongwa kwenye chuma, na sisi watoto tulikuwa tukiipapasa kwa vidole tukijifunza kuhesabu. Mtu angeing'oa ile, ningejuaje kwamba ni yenyewe?

Nikawasha tochi. Karibu na mlango rangi ilikuwa imebanduka: juu buluu, chini yake njano, chini kabisa kijani cha jeshi. Nikapapasa nyuma ya kiti cha nyuma, kumbe fremu za madirisha makubwa bado zipo, zimefunikwa kitambaa kwa nje. Hapo moyo ukanidunda. Cub ya kiraia haina madirisha yale. Hii ilikuwa L-4, ndege ya upelelezi ya jeshi la Marekani. Piper walitengeneza zaidi ya 5,000, na vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia zikapakwa njano.

Zikabaki herufi za usajili. Tuliliegemeza bawa la kulia vizuri, mama akashika tochi akaielekeza kwa ubavu, mwanga upite juu juu ya kitambaa. Kingo za rangi ya chini zikainuka kama makovu: N, kisha C, kisha tarakimu. Moja sikujua kama ni 3 au 8, nikafumba macho nikaifuata kwa kidole. Ilikuwa 8.

Zamani usajili wa ndege za kiraia za Marekani uliandikwa NC; ile C waliiacha mwishoni mwa 1948, kwa hiyo hii ilisajiliwa kabla ya hapo. Na usajili una jalada lake Oklahoma City, zinakotunzwa kumbukumbu za ndege za Marekani, lenye hati za mauzo na nambari ya kiwanda, ileile aliyoondoka nayo yule bwana.

Nilimwomba mama asimruhusu mtu kulisugua bawa lile. Akaenda kuleta turubai jingine, tukalifunika pamoja.