Mpapase, usimtazame tu

Kwenye nguruwe mzazi siyaamini macho. Jike mwenye umbo kubwa anaweza kuonekana ameshiba kumbe nyonga zimeanza kuchomoza, na yule mfupi wa duara ukamwona wa kawaida kumbe kajaa mafuta. Kwa hiyo nampapasa. Naweka kiganja juu ya nyonga, kisha kwenye uti wa mgongo. Nikiugusa mfupa bila hata kubonyeza, amekonda. Nikibonyeza kwa nguvu zote na bado siupati, amenenepa kupita kiasi. Ninayemtaka ni yule ambaye mfupa unapatikana ukikandamiza kidogo. Kwenye kipimo cha 1 (amekonda mno) hadi 5 (amenenepa mno), huyo ni 3. Nampima hivyo anapopandishwa, katikati ya mimba, anapokaribia kuzaa na siku ya kuwaachisha watoto.

Mimba huchukua siku 114 hivi, na sehemu kubwa ya muda huo hahitaji chakula kingi. Kilo 2 hadi 2.5 kwa siku za chakula kilichochanganywa vizuri zinamtosha. Atapiga kelele, bila shaka, na huruma ndiyo inayowaponza wafugaji wengi. Jike aliyenenepeshwa akiwa na mimba huzaa kwa shida, hujitupa chini akawalalia watoto, na kibaya zaidi, akishazaa hamu ya kula inapungua wakati ule ule anaotakiwa kula kuliko wakati mwingine wowote. Namtuliza kwa majani na pumba. Tumbo linajaa bila kumnenepesha, na siku za kukaribia kuzaa kinyesi hakiwi kigumu.

Halafu kuna hili la kupimia chakula kwa kopo. Kopo si kilo! Kopo moja la pumba ni jepesi kuliko kopo lile lile la mahindi yaliyosagwa, kwa hiyo kila ukibadilisha mchanganyiko, pima upya kwenye mizani. Mtu anaweza kuapa kwamba analisha kilo mbili, kumbe analisha moja na robo.

Akishazaa, hesabu inageuka. Mimi natumia kilo 2 kwa ajili yake mwenyewe na nusu kilo kwa kila mtoto anayenyonya, maana yake mwenye watoto 10 anahitaji kilo 7 kwa siku. Hawezi kuanza nazo zote. Nampandishia kidogo kidogo, na wiki ya kwanza ikiisha namwachia ale anavyotaka, mara tatu kwa siku. Kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 25 hivi hamu hushuka, kwa hiyo mlo mkubwa ni wa alfajiri na wa jioni, na mabaki yaliyochacha yanatolewa horini kabla ya kumwaga chakula kipya.

Akigoma kula, usikimbilie kulaumu chakula. Angalia maji. Anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na bomba linalodondosha matone litamkondesha hata horini kukijaa. Kinga chupa ya lita moja: ijae kwa nusu dakika au zaidi kidogo tu.

Wa kumchunga zaidi ni jike wa uzao wa kwanza. Yeye mwenyewe bado anakua, tumbo lake ni dogo, na maziwa yanamtoka mwilini. Akiachisha akiwa mifupa mitupu, atachelewa kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena, au uzao wa pili utakuwa mdogo.

Wapo wanaomnyima jike chakula siku ya kuachisha eti maziwa yakauke. Mimi sifanyi hivyo. Maziwa hukauka kwa sababu hakuna anayeyanyonya. Naendelea kumlisha vizuri mpaka apandishwe, kwa kawaida siku ya 4 hadi ya 7, kisha narudi kwenye kipimo cha mimba. Aliyekonda namwongezea nusu kilo mpaka mgongo urudi, na namlisha peke yake, maana kwenye hori la pamoja nyongeza yake yote italiwa na mbabe wa banda.